Kanuni ya Kwanza

Sanduku jeusi lililetwa Machi, na mvua ya kwanza,
likawekwa kando ya ngazi na mipira ya maji,
na karatasi za kusaini, nakala tatu.
Mkaguzi Aikaruwa Lyimo akalizunguka
kama shangazi aliyeletewa mkwe bila posa.

Tukangoja kibali. Barua ilikwenda Dar es Salaam,
ikarudi ikidai ramani. Ramani ikaenda,
ikarudi ikidai muhuri.
Miezi mitano ndege nyuki ililala kabatini
chini ya makoti yanayonuka masizi,
na betri zake tukizichaji kila Ijumaa
kama unavyomnywesha mgonjwa uji.

Koplo Ndelilio, mtu wa kamba,
aliyeshuka visima kumi na vinne hapa Moshi
na bado anavitaja kwa majina ya waliokuwemo,
aliitazama, akasema: "Haina mikono."
Hakuna aliyembishia.

Siku ya kwanza, uwanja wa shule, Pasua.
Ikapanda na mlio wa mzinga uliochokozwa;
wanafunzi wawili waliokulia Uru
wakalala kifudifudi, wanawajua nyuki.
Kunguru akaifukuza, akidai anga ni yake.
Rimoti ilikuwa mikononi mwangu, vidole vikitetemeka
kuliko siku niliyokabidhiwa bomba.

Ndipo Mama Namkunda akaita kutoka uani:
"Na bafu langu halina paa. Je, mnaniona?"

Tulicheka. Mkaguzi hakucheka.
Usiku ule aliandika kwa mkono, wino wa bluu,
kabla ya kanuni ya betri, kabla ya kanuni ya upepo:
*Hairuki pasipo kuitwa.
Picha ya ua wa mtu inafutwa kabla ya chai ya asubuhi,
na anayefuta anasaini.*
Akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku,
mahali ambapo huwezi kuitoa ndege bila kuisoma.

Aprili iliyofuata, mto Rau ukafura.
Saa saba usiku, simu kutoka Mabogini:
mfungua maji wa mfereji, Elingaya Kileo,
alikwenda kuinua lango, hajarudi.
Tulisimama juu ya tuta tukingoja mvua ipumzike.
Ilipopumzika, nikasoma kifuniko, nikairusha.

Kwenye kioo dunia yote ilikuwa kijivu,
na kila chenye joto kilikuwa cheupe.
Doa la kwanza: mbuzi.
La pili: mbuzi.
La tatu: jiko la mkaa juu ya kiti, barazani,
nyumba imehamwa, jiko linaendelea kuwaka
kama mtu aliyesahau kuambiwa.
La nne halikuwa na umbo. Lilikuwa jembamba,
limejikunja kwenye nguzo ya lango,
na lilikuwa linafifia.
Neno hilo sikulitamka redioni. Nilisoma namba tu.

Ndelilio alikuwa majini tayari, kamba kiunoni,
haoni kupita urefu wa mkono wake.
"Kushoto," nikasema. "Kushoto tena. Simama.
Mbele yako, hatua nane."
Betri asilimia kumi na moja. Ndege ikaanza kulia
ikitaka kurudi nyumbani, nami nikaikatalia.
"Tano. Tatu. Nyoosha."

Madoa mawili.
Kisha, kwa muda mrefu, doa moja.

Katika daftari la urukaji kuna safu ya mwisho,
*Maoni.* Kurasa zote nilizotangulia kujaza
niliandika "Hakuna." Usiku ule niliiacha wazi,
nikalala na buti miguuni.

Asubuhi nikakuta imejazwa,
mwandiko wa Ndelilio, ulioinama, wino umechuruzika:
*Kileo ameamka. Amekunywa chai vikombe viwili.
Anaomba kuoneshwa mbuzi wake walipo.
Picha hizo zisifutwe kwanza.*

Na chini yake, kwa wino wa bluu:
*Zisifutwe. Nimesaini mimi.*